Butembo na Beni: Mmoja anavuta sigara, nyumba nzima inapumua moshi

Butembo ni mji ulio juu ya mita 1,700 na zaidi, na baridi yake ya jioni haichezi. Mvua ikinyesha, kila nyumba inafunga milango na madirisha, na watu wanakaa karibu karibu ndani ya chumba kimoja. Ni saa hiyo ndipo baba wa nyumba, ao mdogo wake, ao mgeni aliyefika juzi, anatoa sigara yake ya mwisho ya siku na kuiwasha. Hakuna mtu anasema kitu. Mama anaendelea kupika, mtoto mchanga analala mgongoni, bibi anakohoa kidogo na kusogeza kiti chake.

Mtu mmoja ndiye anavuta. Lakini kwa upande wa mapafu, wote walio ndani ya chumba hicho wamevuta pamoja naye. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 1 wanakufa duniani juu ya moshi wa sigara za wengine. Hawakununua sigara, hawakuiwasha, hawakuiweka mdomoni. Walikaa tu karibu na yule anavuta.

Mkaaji wa Beni ao wa Oicha ana haki ya kuuliza: wakati watu wanauawa kwenye mashamba yao, moshi wa sigara ni kitu gani? Ulizo hilo ni la kweli na halipashwi kuepukwa. Jibu lake ni kwamba mambo hayo mawili hayako mbali sana. Vita ndiyo imejaza nyumba, na nyumba ikijaa, sigara moja inagusa watu wengi zaidi.

Nyumba ya watu 6 inalaza watu 14

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayowekwa juu ya waasi wa ADF yamefukuza watu wengi kutoka vijiji vya teritware ya Beni. Wamekimbilia Oicha, mji wa Beni, na Butembo. Upande wa kusini, wakati M23 ilichukua Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea kaskazini ya Lubero na Butembo na mizigo kichwani.

Wengi kati yao hawakuingia kambini. Walipokelewa na ndugu, na watu wa kanisa moja, ao na mtu waliyejuana naye sokoni. Ni mapokezi ya kusifiwa, na bila hayo hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho: nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ya watu 6 inalaza leo watu 12, 14, mara nyingine zaidi. Watoto wanalala sebuleni, palepale wakubwa wanakaa kuongea hadi usiku.

Ndani ya nyumba ya namna hiyo, mwanaume mmoja akivuta sigara tano kila jioni, hagusi tena bibi yake na watoto wake wawili peke yao. Anagusa pia watoto wa wageni, mama mwenye mimba aliyetoka Lubero kwa miguu, na mzee aliyefika na kifua kibaya tangu safarini.

Tena kuna jambo lingine. Wanaume wengi walioacha shamba na ng'ombe nyuma yao wanasema sigara inatuliza mawazo. Hakuna haja ya kuwacheka. Mtu aliyepoteza kila kitu anatafuta kitu cha kushika mkononi, na sigara inauzwa moja moja kwenye ligablo, kwa franka kidogo. Habari hii haiko ya kuwahukumu wale wanavuta. Iko juu ya wale wanakaa nao ndani ya chumba.

Ni nini iko ndani ya moshi huo

Sigara ikiwaka inatoa moshi wa aina mbili. Wa kwanza ni ule mvutaji anauvuta na kuutoa kwa mdomo. Wa pili unatoka kwenye ncha yenye moto, wakati sigara iko kati ya vidole na hakuna mtu anaivuta. Moshi huo wa pili haupiti kwenye chujio la sigara. Ndio sehemu kubwa ya moshi unaobaki ndani ya chumba, na ndio watoto na wamama wanapumua.

Wataalamu wamehesabu ndani ya moshi wa tumbaku vitu vya kemikali zaidi ya 7,000. Karibu 70 kati yao vinajulikana kuleta kansa. Kuna pia monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Ikiingia ndani ya damu inachukua nafasi ya oksijeni, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi.

Namna gani ilijulikana kwamba moshi wa mwengine unaua? Habari moja ya zamani inatoka Ujapani. Mwaka 1981 daktari Takeshi Hirayama alichapisha utafiti uliofuata, kwa miaka 14, wanawake zaidi ya 91,000 walioolewa na ambao hawakuvuta sigara. Aliangalia waume zao: nani anavuta, nani havuti, na anavuta kiasi gani. Akakuta kwamba wanawake wenye waume wanaovuta sana walikufa kwa kansa ya mapafu karibu mara mbili kuliko wale wenye waume wasiovuta. Wenye kutengeneza sigara walibisha sana matokeo hayo. Lakini tafiti zingine zilikuja kutoka inchi nyingi, na zikaonyesha njia ileile. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, linaweka moshi wa sigara za wengine katika kundi la vitu vinavyojulikana bila shaka kuleta kansa kwa watu.

Kansa si ndiyo hatari ya kwanza kwa hesabu. Moyo ndio unaumia zaidi. Mtu mzima asiyevuta, lakini anayekaa kila siku na mvutaji nyumbani ao kazini, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa asilimia 25 hadi 30. Hatari ya kupooza kwa kukatika damu kichwani inapanda pia. Ndiyo maana mama ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kufika hospitali na ugonjwa wa mvutaji.

Watoto na wajawazito ndio wa kwanza

Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mkubwa, na mapafu yake bado yanakomaa. Kwa hiyo ndani ya chumba kilekile anaingiza moshi mwingi kwa kulinganisha na kilo zake. Na hana namna ya kutoka. Mtu mkubwa akichoka na moshi anasimama na kwenda. Mtoto wa miezi mitatu anabaki mahali alipolazwa.

Magonjwa ambayo moshi huo unaleta ao kuongeza kwa watoto yanajulikana: kikohozi kisichoisha, bronkiti, nimonia, asma, maumivu ya masikio yanayorudi kila mara, na pia kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini. Nimonia ni moja kati ya magonjwa yanayoua zaidi watoto chini ya miaka 5 duniani, na Kongo ni kati ya inchi zinazoguswa sana.

Mama wa Butembo akipeleka mtoto mwenye kifua kwenye kituo cha afya, anapewa dawa. Mtoto anapona, anarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili anakohoa tena. Watu wanasema ni baridi, ni vumbi, mara nyingine wanasema ni uchawi wa jirani. Baridi na vumbi viko kweli. Lakini kama ndani ya nyumba kuna mtu anavuta kila usiku, dawa inafanya kazi kwa upande mmoja na moshi unaharibu kwa upande mwengine. Ulizo moja dogo kwa mganga ao kwa mama lingesaidia: nani anavuta sigara nyumbani, na anavutia wapi?

Kwa mama mwenye mimba, sumu za moshi zinapita kutoka mapafu yake hadi damu yake, na kutoka hapo hadi kwa mtoto tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa na kilo kidogo. Mtoto wa kilo kidogo, ndani ya mji wa wakimbizi, anaanza maisha na deni.

Kuna tena kifua kikuu. OMS inahesabu Kongo kati ya inchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani. Kuvuta sigara kunaongeza hatari ya kuupata, na wataalamu wameona uhusiano pia kwa wale wanapumua moshi wa wengine. Nyumba iliyojaa watu, madirisha yamefungwa, mtu mmoja anakohoa na mwengine anavuta: mapafu ya wote yanapigwa kutoka pande mbili.

"Tunafungua dirisha"

Katika mazungumzo ya mtaani, jibu la kwanza la wavutaji ni hilo: dirisha linafunguliwa. Wengine wanasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwengine inje, na kutoa moshi upande wa barabara. Ni nia nzuri, lakini haitoshi. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho. Harufu ikishapungua watu wanafikiri umeisha, lakini unaweza kukaa ndani ya chumba masaa kadhaa, hata dirisha likiwa wazi. Na upepo ukitoka barabarani, moshi wa mtu aliyesimama mlangoni unarudi ndani.

Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa juu ya jambo hilo. Ilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara kisicho na hatari, na kwamba kutenga wavutaji kona moja ya chumba, kuweka feni, ao kusafisha hewa, hakulindi wale wengine. Kinacholinda ni kutovutia ndani kabisa.

Jibu la pili ni la wamama, na lina ukweli wake: jikoni kuna moshi kila siku, sigara inaongeza nini? Kweli, moshi wa kuni na wa makala ni hatari kubwa. OMS inahesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Kwa familia nyingi za Beni na Butembo, kuacha kuni na makala si jambo la leo ao la kesho. Umeme haufiki kila nyumba, na gazi inaomba pesa.

Lakini hapo ndipo tofauti iko. Moto wa kupikia ni lazima, juu watoto wanapashwa kula. Sigara ndani ya chumba si lazima. Kati ya moshi mbili zinazoingia kwenye mapafu ya mtoto mmoja, kuna moja ambayo familia inaweza kuondoa leo jioni bila kununua kitu. Na kuwa na mzigo mmoja mkubwa kichwani si sababu ya kuongezewa wa pili.

Nganda, takisi na ofisi

Nyumbani si mahali pamoja peke yake. Kuna nganda, pale moshi unashuka hadi kwenye meza na wasichana wanaohudumia wanapita ndani yake tangu mchana hadi usiku. Mteja anakaa masaa mawili na kwenda. Msichana wa kazi anakaa siku sita kwa wiki. Kama angeulizwa, pengine angesema hana namna, juu anatafuta pesa ya masomo ya mdogo wake. Yeye ndiye anakula moshi mwingi kuliko wateja wote.

Kuna gari za abiria kati ya Butembo na Beni, njia ya kilomita zaidi ya 50. Mvua ikinyesha, vioo vinapandishwa, na mtu mmoja akiwasha, abiria wengine wanaziba pua na kitambaa. Kuna ofisi za serikali, vituo vya ukaguzi barabarani, na vyumba vya kungojea, pale mwenye kuvuta mara nyingi ni mukubwa ao mwenye silaha, na raia anaogopa kusema.

Sheria iko. Mkataba wa OMS juu ya kupambana na tumbaku ulipitishwa Geneva tarehe 21 Mei 2003. Kongo ilikuwa mwanachama wake kamili tangu Januari 2006. Kipengele cha 8 cha mkataba huo kinaomba kila inchi ilinde watu wake dhidi ya moshi wa tumbaku makazini, ndani ya magari ya abiria na mahali pa watu wengi palipofunikwa. Mwaka 2007 wizara ya afya ya Kongo ilitoa agizo lake juu ya tumbaku. Tena sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, ile inaweka misingi ya afya ya jamii, nayo inagusa tumbaku.

Basi shida si karatasi. Shida ni kwamba kutoka Kinshasa hadi nganda ya Bulengera ao ya Mulekera njia ni ndefu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, ule watu wanaita eta de siyeje, na polisi na jeshi wana kazi zingine wanazoona kuwa za haraka zaidi. Kungojea polisi aje kuzima sigara ndani ya nganda ni kungojea sana.

Ngʼambo ya mpaka

Wafanyabiashara wa Butembo wanaopita Kasindi na kuingia Mpondwe wanakuta sheria ingine. Uganda ilipitisha sheria yake ya tumbaku mwaka 2015, na ikaanza kutumika Mei 2016. Inakataza kuvuta mahali pa watu wengi, makazini na ndani ya magari ya abiria, na hata karibu nao, kwa umbali wa mita 50. Inakataza kuuza sigara moja moja, kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, na shisha imekatazwa kabisa.

Hata huko si kila mtu anafuata. Lakini sheria hiyo imebadilisha kitu kimoja: mtu asiyevuta akiomba mwengine aende kuvutia mbali, si yeye anaonekana mtovu wa heshima. Ana sheria nyuma yake. Upande wa huku, yule anaomba ndiye anaona haya. Jambo hilo la haya ndilo linapashwa kubadilika kwanza, na halihitaji bunge.

Miji hii ilishafanya jambo gumu kuliko hilo

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa kuanzia Mangina, teritware ya Beni. Ilifika Beni, kisha Butembo na Katwa, ambako iliua sana. Wakati ilitangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imegusa watu 3,470 na kuua 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na hata Kivu ya Kusini.

Kila mkaaji anakumbuka mambo mawili ya wakati ule. La kwanza, amri iliyokuja na magari na silaha, bila maelezo, ilileta hasira na mashaka. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. La pili, wakati viongozi wa makanisa, wakubwa wa avenyu, wamama wa soko, motari na wale wajitoleaji wa afya wanaoitwa reko walianza kuongea na watu nyumba kwa nyumba kwa lugha yao, mambo yalibadilika. Ndoo ya maji na klori ilisimama mbele ya kila duka, kila kanisa, kila ofisi. Watu waliacha kupeana mkono, desturi ya tangu wazee. Waliacha hata kuosha maiti za wapenzi wao.

Mji ulioweza kuacha kupeana mkono unaweza kuomba mvutaji asogee inje. Somo la Ebola si kwamba watu wa huku wanakataa mambo ya afya. Somo ni kwamba wanakataa kulazimishwa bila kuelezwa, na wanakubali wakisikia sababu kutoka kwa mtu wanayemjua.

Shida ya usiku

Kwa Beni kuna ugumu mmoja ambao vitabu vya afya havisemi. Kumwambia mtu "toka inje uvute" saa tatu ya usiku, ndani ya kartye ambako milio ya risasi inasikika na doria zinapita, ni kumwambia aingie hatarini. Moto mdogo wa sigara unaonekana mbali gizani. Wamama wengi wanapenda bwana avutie ndani kuliko asimame inje na asirudi.

Hapo ushauri unapashwa kufuata hali ya mahali. Mvutaji anaweza kumaliza sigara zake kabla giza halijaingia, inje, mbali na mlango. Akisikia hamu ya usiku, anaweza kuvumilia hadi asubuhi. Hamu ya sigara inapanda kwa dakika chache kisha inashuka, na maji ya kunywa ao kazi ya mikono vinasaidia kuipitisha. Kama parsele imezungushiwa ukuta ao matete na usalama unaruhusu, nyuma ya nyumba ni bora kuliko sebuleni, mlango ukiwa umefungwa nyuma yake. Na kama siku moja haiwezekani kabisa, basi isiwe kwenye chumba cha watoto wanalala. Hiyo ya mwisho si suluhisho, juu moshi unapita chini ya milango. Ni kupunguza tu hadi siku nyingine.

Nani aseme, na aseme namna gani

Ndani ya familia nyingi za Wanande na za wakaaji wengine wa eneo hili, si rahisi mke wa mtoto amwambie baba mkwe azime sigara yake. Si rahisi pia mkimbizi amwambie mwenye nyumba aliyempokea. Mwenye kula chakula cha mtu hamfundishi namna ya kukaa kwake. Ndiyo maana neno hilo linapashwa kutoka kwa mtu mwenye nafasi ya kulisema.

Mara nyingi mtoto ndiye anafaa, ao mtoto ndiye sababu. "Papa, tunaomba utoke kidogo inje, mutoto iko na kifua" ni maneno ambayo hayamvunji mtu heshima. Mdogo anaweza kumwambia "Yaya, twende tuongee pa baraza" na kutoka pamoja naye, badala ya kumfukuza. Mzee akiona vijana wanatoka naye kuongea, hataona aibu kutoka.

Mganga ao muuguzi anaweza kusaidia pia. Wakati wa konsultasio ya wajawazito, CPN, wamama wanapewa mashauri juu ya chakula na chandarua. Kuongeza neno moja juu ya moshi hakuombi dawa wala pesa. Na baba aliyesindikiza bibi yake akisikia kutoka kinywa cha muuguzi kwamba moshi wake unafika hadi kwa mtoto tumboni, analichukua tofauti na akilisikia kutoka kwa bibi yake akiwa na hasira.

Mwenye nganda anaweza kuweka meza mbili chini ya hangari iliyo wazi pande zote na kuomba wavutaji wakae huko. Hatapoteza wateja, wengi wasiovuta wanakimbia nganda juu ya moshi. Dereva wa takisi ana haki ya kusema kabla ya kuondoka kwamba ndani ya gari yake hakuvutwi. Akisema wakati abiria wanapanda, hakuna anayechukia. Akisema katikati ya njia, ndipo ugomvi unaanza. Wakubwa wa kartye wanaweza kulileta kwenye mkutano baada ya salongo, pamoja na mambo ya takataka na maji. Wakuu wa miji ya Beni na Butembo, ambao leo wanatoka polisi, wanaweza kuanza na ofisi zao: wakitoa mfano ndani ya mairi na kwenye vituo vya polisi, raia atajua kwamba jambo ni la kweli.

Kwa yule anavuta mwenyewe, kuacha kabisa ndiyo njia bora, na faida inaanza haraka: ndani ya masaa machache monoksidi ya kaboni inapungua ndani ya damu, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka sana. Wengine wanaacha mara ya kwanza, wengine mara ya tano. Lakini nyumba haina haja ya kungojea hadi siku ile baba ataacha. Anaweza kuendelea kupigana na tabia yake, na watoto wakaanza kupumua vizuri tangu leo.

Katika nyumba zingine za Butembo jambo hilo limeshaanza bila kelele: kiti kimoja kimewekwa chini ya paa la baraza, mbali na dirisha la watoto, na kila mtu anajua ni cha kazi gani. Mvua ikinyesha mwenye kiti anavaa koti lake, anatoka, anavuta, na kurudi baada ya dakika tano. Ndani, watoto wanalala.